Lile zulia la kijani nililowaonyesha lilikufa

Wasee, kuna vidio yangu moja ambayo wengi wenu mliiona. Ile ya sekunde 58. Tangi dogo la glasi, mkono wangu unanyunyiza mbegu kama mtu anayetia chumvi kwenye kachumbari, halafu picha zinakimbia na ghafla chini pote ni kijani, laini kama uwanja wa gofu. Mkanifuata. Mkaniuliza mbegu natoa wapi. Nikawaelekeza.

Sasa wacha niwaambie kilichotokea baada ya hizo sekunde 58.

Kama siku ya 40 hivi, zulia lilianza kugeuka manjano pale katikati. Siku ya 45 likainuka lenyewe kutoka kwenye mchanga, kipande kizima, kama chapati inayofura kwenye kikaango. Chini yake kulikuwa na uozo mweusi unaonuka mayai mabovu. Gapi wangu sita walikuwa juu kabisa ya maji, midomo nje, wanatafuta hewa. Wanne walikufa kabla ya jioni. Hiyo sikurekodi. Nilimwaga maji, nikaosha tangi, nikaposti kitu kingine kabisa.

Na ningenyamaza tu, si uongo, kama si mama mmoja aliyeniandikia mwezi uliopita. Kijana wake yuko Gredi ya 7. Alikusanya pesa zake za matumizi muhula mzima akanunua pakiti mbili za hizo mbegu kwa sababu aliniona mimi nikizitumia. Alikuwa na samaki kumi na mmoja, kila mmoja na jina lake. Mama hakunitukana. Aliuliza tu, kwa upole, "Mwanangu, kuna mahali alikosea? Anasema ni yeye amewaua." Na mimi nikamjibu ati labda taa ilikuwa hafifu.

Nilijua si taa. Yule muuzaji alikuwa amenilipa elfu mbili na kunipa pakiti tano za bure, na nilikuwa bado nangojea elfu mbili nyingine. Ndiyo maana nikasema taa.

Kwa hivyo hii posti ni ya kulipa deni, na pia ina maoni ambayo najua yataniletea kelele. Nasema hivi: anayekuahidi zulia la kijani kwa wiki tatu, kwenye tangi la kawaida, anakuuzia samaki waliokufa. Na sisi wa vidio ndio madalali wake.

Tuanze na zile mbegu. Pakiti huwa na picha nzuri na jina la mmea maarufu, ama haina jina kabisa, imeandikwa tu kwamba ni mbegu za nyasi za tangi. Mimea halisi ya kutambaa chini ya maji hauuziwi hivyo. Unauziwa mmea wenyewe: umeng'olewa ukatenganishwa, umepandwa kwenye kikopo chenye pamba ya mawe, ama umekuzwa maabara ndani ya kikombe chenye jeli. Zilizo ndani ya hizo pakiti mara nyingi ni mbegu za mimea ya nchi kavu ama ya kando ya kinamasi. Zikilowa zinachipua, kwa sababu kila mbegu ina akiba yake ya chakula. Ukizizamisha zinavumilia wiki kadhaa kwa kula hiyo akiba na kubahatisha. Hapo ndipo sisi tunawasha kamera. Akiba ikiisha, mmea ambao haujaumbwa kuishi chini ya maji unaanza kuoza, na hauozi mmoja mmoja. Unaoza wote, wiki moja.

Sasa fikiria lita 30 za maji na kilo nzima ya majani yanayooza ndani. Bakteria wa kuozesha wanavuta oksijeni. Amonia inapanda. Usiku hakuna mwanga, mimea yenyewe iliyobaki hai nayo inavuta oksijeni badala ya kuitoa. Asubuhi unaamka samaki wako juu, wanahema. Yule kijana hakukosea popote. Alifuata maelekezo yangu vizuri sana, na hapo ndipo shida ilipo.

Hii tamaa ya zulia nayo ina historia. Kuna jamaa Mjapani aliyeitwa Takashi Amano, alizaliwa 1954. Kijana alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano, baadaye akawa mpiga picha, akaanzisha kampuni ya vifaa vya matangi. Yeye ndiye aliyefanya dunia ione tangi la samaki kama mandhari: mawe, vigogo, na mbele kabisa nyasi fupi kama malisho. Aliupa umaarufu mmea unaoitwa Glossostigma elatinoides, wa kutoka Australia na New Zealand, ambao kabla yake watu wa matangi hawakuujali. Mwaka wa 2015, muda mfupi kabla ya kufariki, alimaliza tangi la urefu wa mita 40 kule Lisbon, Ureno. Mita 40, msee. Hiyo ni zaidi ya matatu tatu kubwa zikiegeshwa moja nyuma ya nyingine.

Picha za Amano si za uongo. Lakini nje ya fremu kuna mtungi wa gesi ya kaboni, taa kali, udongo maalum wenye rutuba, na watu wenye makasi wanaopunguza nyasi kila mara kama kinyozi. Ukiangalia picha tu, unadhani ni mmea ndio ulifanya kazi yote.

Na gesi ndiyo siri kubwa. Mmea wa nchi kavu unapata kaboni kutoka hewani bila shida. Chini ya maji, gesi inasafiri polepole sana, na maji yaliyokaa tu yakigusana na hewa huwa na kiasi kidogo sana cha hiyo gesi kwa lita. Wale wenye mazulia mazuri wanaisukuma hadi karibu miligramu 30. Yaani tofauti ya mara nyingi sana. Mmea mdogo wa kutambaa uko chini kabisa, mbali na taa, pengine kwenye kivuli cha mimea mirefu, halafu unataka utandaze majani elfu moja bila chakula. Ukiongeza taa bila gesi, anayefurahi ni mwani. Utapata zulia la kijani kweli, ila litakuwa kwenye glasi.

Kuna njia ya maskini ya kutengeneza gesi na nimeijaribu: chupa ya soda ya lita 2, sukari vikombe viwili, maji ya vuguvugu, hamira nusu kijiko, na mrija kutoka kwenye kifuniko hadi ndani ya tangi. Inafanya kazi. Wiki ya kwanza inatoa gesi kama imetumwa, wiki ya pili inapunguza, ya tatu imekufa, na hiyo panda-shuka ndiyo mwani unapenda. Halafu huwezi kuizima usiku. Bedsita yangu ilianza kunuka busaa mpaka keateka akagonga mlango akauliza, kwa sauti ya chini, kama nimeanza biashara. Nilimwonyesha tangi. Hakuniamini. Na bei ya sukari mnaijua wenyewe.

Basi mtu afanye nini? Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wakisikia "usipande zulia" wanadhani nasema waweke mchanga mtupu na meli ya plastiki.

Kama una tangi la kawaida, taa ya kawaida, hakuna mtungi wa gesi, mmea ambao mimi sasa nautetea hadharani ni Cryptocoryne parva. Unatoka Sri Lanka. Ndio mdogo kuliko wote katika jamaa yake, unafika sentimita 5 hivi, majani membamba ya kijani kibichi, na hauna haraka na mtu. Hauna haraka kabisa. Nilipanda mashina 12 mwezi wa pili. Mwezi wa tatu nilidhani yamekufa, kwa sababu mmea wa jamaa hii ukihamishwa unaweza kuyeyusha majani yote yakawa kama mchicha uliochemshwa mpaka basi. Usiung'oe! Mzizi uko hai. Nilingoja, yakaota upya. Mwezi wa nane nilihesabu 27. Si zulia. Ni kama kishamba kidogo cha mboga mbele ya jiwe. Lakini kila jani pale ni jani lililoota ndani ya maji yangu, kwa stima yangu inayopotea kila mara, na hakuna samaki aliyekufa kwa ajili yake.

Huo mmea hautawahi kuwa vidio ya sekunde 58. Nimejaribu. Unaweka kamera wiki nzima na kitu kilichosogea ni konokono.

Ukitaka kitu kinachofanana na nyasi hasa, kuna ile nyasi ya nywele, Eleocharis. Hiyo inaweza kuishi bila gesi, nimeiona, ila itakuwa nyembamba na polepole, na nywele zake zinashika uchafu na mwani kama kitana. Kosa ambalo watu wengi hufanya ni kununua kikopo na kukipanda kizima, kichaka kimoja, halafu wanashangaa katikati inaoza. Kitenganishe. Kikopo kimoja kinaweza kukupa vishada kumi na kitu, kila kishada majani matano sita, unavipanda ukiacha sentimita 2 ama 3 kati yao. Tumia kibano kirefu. Mimi nilianza na kibano cha nyusi cha dadangu, akakitafuta siku mbili. Mchanga uwe wa punje ndogo, milimita 1 hadi 3, kina cha sentimita 4 ama 5. Kwenye kokoto kubwa za rangi zile za madukani, mzizi mdogo kama huo hauna pa kushika. Utaelea, utaurudisha, utaelea tena, utakata tamaa Jumapili jioni.

Lilaeopsis mauritiana, ya kutoka Mauritius hapo jirani kwenye Bahari ya Hindi, ni kama nyasi pana kidogo. Ngumu, mvumilivu, mpole. Sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa ukiipata chukua.

Marsilea ndio naona wanaudharau bure. Huu ni jamaa ya feni, si nyasi. Ukiota juu ya maji una jani lenye sehemu nne kama karata ya maua, ukizamishwa jani linakuwa moja la duara. Na sikilizeni: Marsilea haiko Ulaya na Asia peke yake. Kuna aina zake zinaota hapa kwetu, kwenye madimbwi ya msimu, yale yanayojaa mvua ikinyesha na kukauka kabisa kiangazi. Mmea umezoea taabu hizo. Tangi lako haliwezi kuutisha.

Halafu kuna Sagittaria subulata. Wauzaji wanauita mfupi. Ni mfupi kama yule binamu aliyekuwa mfupi hadi kidato cha pili. Unaupanda una sentimita 7, unatambaa vizuri kwa vichipukizi, unapiga picha, unarelax. Siku moja ukijisikia umeshiba mbolea unarefuka sentimita 30 na kufunika kila kitu kilichoko nyuma. Si mbaya, kwa anayeanza ni mzuri hata, ila panda ukijua.

Monte Carlo, ule wenye majani madogo ya duara, watu wanafikiri jina ni la kule kwa kasino. Ni la mji mmoja Argentina. Huo bila gesi unaweza kubaki hai, kwa maji ya baridi kidogo na taa nzuri, lakini usitegemee. Na ule mdogo zaidi, Hemianthus callitrichoides wa kutoka Cuba, ambao ndio uko kwenye kila picha unayoitamani: nakuomba, usiununue kama huna mtungi wa gesi. Nimeununua mara mbili. Kikombe kimoja bei yake ni kama mafuta ya kupikia lita 3. Mara zote mbili uligeuka supu.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakwambii. Mingi ya mimea hii hukuzwa kitaluni majani yakiwa nje ya maji, kwa sababu inakua haraka hivyo. Ukiizamisha, majani yale ya hewani hayana kazi tena, yanayeyuka, na mmea unatengeneza mapya ya kuishi majini. Kwa hivyo wiki mbili tatu za kwanza utaona kifo. Toa majani yaliyokufa kila siku ili yasioze humo ndani, punguza samaki, washa taa saa 6 tu kwa siku, ngoja. Kikombe cha maabara hakina konokono wala mwani, na ile jeli unaiosha yote kabla ya kupanda. Nilisahau kuiosha mara moja. Ukungu mweupe siku ya tatu.

Na kwa wale wanaosema "lakini mimi nataka zulia na sina pesa ya mtungi," ipo njia moja ya uaminifu: anza bila maji. Weka udongo wenye rutuba, ulowanishe, panda vishada vyako, funika juu na nailoni ya jikoni, weka taa. Hewani kaboni ipo ya kutosha, bure. Fungua dakika chache kila siku hewa iingie, nyunyizia maji. Wiki 6, 8, mizizi imeshika kabisa, ndipo unajaza maji polepole. Hakuna samaki muda wote huo, kwa hivyo hakuna wa kuua. Sijui kwa nini njia hii haina vidio nyingi. Namaanisha, najua kwa nini. Ni sanduku la udongo wenye nailoni, nani atabonyeza?

Ama funga mosi wa Java kwenye kipande cha wavu wa mbu, ukilaze chini na vijiwe pembeni. Hilo ni zulia la shilingi mia mbili. Ama Anubias ndogo kwenye mawe ya mbele. Anubias ni Mwafrika mwenzetu, wa misitu ya Cameroon na majirani zake, anaishi kivulini bila malalamiko. Usimzike lile shina lake nene kwenye mchanga tu, litaoza. Mfunge kwenye jiwe kwa uzi.

Kabla ya hayo yote, ujue maji yako. Mkazi wa Nairobi anayepata maji ya mfereji, mengi yanatoka Ndakaini, milimani huko Aberdare, ni maji laini, na mimea mingi ya hii orodha inayapenda. Anayetumia maji ya kisima kirefu, hata hapa hapa Nairobi, hiyo ni stori nyingine, maana visima vingi vina chumvichumvi zake na floraidi. Pwani, visima vimechimbwa kwenye miamba ya matumbawe, maji ni magumu, wakati mwingine yana chumvi ukionja. Mtu wa Mtwapa akifuata mafundisho ya mtu wa Nairobi neno kwa neno atalia. Mfereji nao una klorini: jaza ndoo, iache wazi usiku kucha, ndipo uongeze tangini.

Halafu samaki. Kama una wale wekundu wa dhahabu, sahau habari ya zulia, watachimba na kula. Kama unafuga samaki wa ziwa Tanganyika, wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, wanahamisha mchanga kutwa kama wajenzi wa mjengo. Kwa hao, sehemu ya mbele inayofaa ni mchanga mtupu na magamba yaliyotawanyika, kwa sababu ndivyo kwao kulivyo. Nimeona tangi la hivyo kwa rafiki yangu mmoja Buruburu, halina jani hata moja mbele, na nilikaa pale saa mbili nikitazama samaki wa sentimita 4 wakipigania mpaka wa shamba. Hakuna zulia limewahi kuniweka saa mbili.

Najua komenti zinazokuja. Moja tayari niliipata nilipodokeza haya wiki iliyopita: "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, mambo ya mimea unajua wapi?" Ni kweli niliacha, karo ilikataa. Lakini hilo swali lingeulizwa siku nilipokuwa natangaza mbegu. Siku hiyo hakuna aliyeuliza cheti. Mliuliza bei.

Nyingine ilisema nisiwanyime watu wa kawaida vitu vizuri, ati kwamba nasema zulia ni la matajiri. Hii imenisumbua zaidi kwa sababu ina ukweli ndani. Mimi mwenyewe nilianza na tangi la mtumba lililopasuka pembeni, nikaliziba kwa silikoni. Hakuna kitu kinaudhi kama mtu mwenye vifaa vya laki moja kukuambia "anza polepole." Lakini angalieni pesa inavyotembea. Pakiti ya mbegu ni rahisi kuliko kikopo cha Cryptocoryne, ndiyo. Halafu unanunua samaki wapya. Halafu dawa ya maji, kwa sababu muuzaji anasema ni ugonjwa. Halafu pakiti nyingine, kwa sababu ulikosea. Mtu asiye na pesa ndiye hafai kuuziwa kitu kinachokufa. Na mmea wa polepole una jambo moja zuri kwa maskini: ukishakuwa nao, unagawanyika. Mashina yangu 12 sasa ni 27. Naweza kutoa.

Jambo la mwisho kabla sijasahau. Zile mbegu na zile nyasi zikikushinda, usimwage mtoni wala kwenye mtaro. Tunaishi nchi ambayo gugumaji limefunga wavuvi wa Ziwa Victoria nje ya maji, na Naivasha imeshapambana na mimea ya kuelea kutoka Amerika Kusini na kamba wekundu wenye asili ya Marekani walioletwa 1970. Anika mimea juani ikauke kabisa, kisha tupa takatakani. Na kwa wale wajanja wanaotaka kuchota mimea na konokono bure kwenye mitaro ya mpunga kule Mwea: konokono wa huko wanaweza kubeba kichocho. Kisa ni kuokoa shilingi mia tatu, halafu unakojoa ama kuharisha damu. Hapana.

Ile vidio bado iko, sijaifuta. Nikiifuta, pakiti zitaendelea kuuzwa na hakuna atakayejua. Nimebadilisha kichwa chake na nikaunganisha mwishoni picha pekee niliyokuwa nayo ya siku ya 45, ile niliyompigia rafiki yangu kumwuliza hii harufu ni ya nini. Yule muuzaji amenizuia kwenye simu yake. Ile elfu mbili ya pili haitakuja.

Kwa yule mama nilimwandikia tena Jumatatu. Nikamwambia haikuwa taa na haikuwa kijana wake, ilikuwa mimi. Alikaa siku mbili bila kujibu, haki yake. Jana akaniuliza kama naweza kumwambia kijana mwenyewe. Nimempigia. Hakusema mengi, anaitikia tu "sawa", "sawa." Mwishoni akauliza kama hiyo Cryptocoryne inaweza kukaa kwenye maji ya kisima. Nikamwambia apime kwanza, na nikamwekea mashina manane kwenye kikopo cha blubendi chenye tishu iliyolowa. Yanaenda na matatu ya kesho asubuhi.